Shangazi Kwenye Kiwanda cha Lowell

Shangazi yangu hakuamini kwamba hifadhi ya taifa inaweza kukaa katikati ya mji. Mume wangu alimwambia Ijumaa usiku kwamba kesho tunakwenda hifadhini, naye akatoa sandukuni viatu vyake vya kukanyagia porini. Tulipofika Lowell akaona majengo ya matofali mekundu, mifereji ya maji na mnara wa kengele. "Hifadhi gani hii haina hata nyani?" Mlangoni alitupokea mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana ya askari wa hifadhi. Shangazi alimsalimia kwa Kiswahili, kwa heshima zote, kisha akaninong'oneza: "Huyu hata bunduki hana. Analinda nini?"

Analinda viwanda. Hifadhi hiyo, iliyoko jimbo la Massachusetts, Marekani, ilianzishwa mwaka 1978 ili viwanda vya nguo vya karne ya 19 visivunjwe vikasahaulika, na jengo tuliloingia sisi lilikuwa la kampuni ya Boott, iliyoundwa mwaka 1835. Ilikuwa Mei 2016. Shangazi alikuwa amekuja kunisaidia kulea mtoto wangu wa kwanza ili nirudi kazini mapema, maana wakati huo huku likizo ya uzazi yenye malipo watu wengi waliisikia tu kwenye hadithi za nchi nyingine. Nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, na mwenzangu asipotokea naunganisha na ya asubuhi. Tulimchagulia Lowell kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mfumaji. Aliingia kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam akiwa msichana, akatoka miaka ya tisini walipopunguza watu.

Ukumbi wa chini una mashine za kufumia 88. Si zile za wasichana wa mwanzo, ni za mwanzoni mwa karne ya 20, lakini wanaziwasha kwelikweli, chache kwa wakati mmoja, na hizo chache zinatosha kukutoa roho. Mlangoni wanagawa vizibo vya masikio. Shangazi akavikataa kwa mkono. "Masikio yangu yalishakwenda na kazi hii zamani."

Sakafu ilikuwa ikitetemeka. Yeye akasogea mpaka kwenye kizuizi, akainama, akawa anafuata kwa macho mtande, zile nyuzi za urefu wa nguo, unavyopanda na kushuka. Ghafla akanyoosha kidole. Fundi wa mashine, mzee wa Kizungu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akatazama alikoonyeshwa, akasimamisha mashine. Uzi ulikuwa umekatika. Mzee akaufunga, shangazi akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa vidole vyake viwili fundo analolijua yeye, dogo, lisilokwama. Mzee akacheka, akalijaribu. Hawakuwa na lugha moja ya kuongea, na hata wangekuwa nayo wasingesikizana, lakini nilibaki pembeni nimemshika mtoto, mimi ndiye niliyekuwa mgeni.

Kabla hatujatoka aligusa nguo iliyokwisha kufumwa, akaipikicha kati ya kidole gumba na cha shahada. "Merikani hii," akasema, nami nikamsoma midomo. "Ya kushonea magodoro. Na sanda."

Ghorofani kuna maonyesho, na yule mama wa kofia pana ndiye aliyekuwa akieleza. Mimi nikawa mkalimani. Wasichana wale walitoka mashambani, New Hampshire, Vermont, Maine, wengi hawajaolewa. Walilala katika nyumba za kampuni chini ya mama mlezi, mlango ukifungwa saa nne usiku, na kanisani Jumapili ilikuwa lazima. Kengele iliwaamsha gizani. Kwa wiki walifanya kazi saa 73 hivi, siku sita. Hapo nilinyamaza kidogo nikapiga hesabu zangu za zamu mbilimbili, shangazi akanisukuma kiwiko: "Endelea, usikate."

Mwezi Februari 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mishahara, mamia ya wasichana wakazima mashine wakaandamana mitaani. Wakashindwa. Mwaka 1836 kodi ya nyumba za kulala ikapandishwa, wakatoka tena, safari hii wengi zaidi. Katika chumba kimoja wasichana wakubwa waliokuwa wakijitapa kwamba watagoma walianza kutazamana. Mtoto wa miaka 11, Harriet Hanson, akasema yeye anatoka, wengine wafuate wasifuate, akatoka. Alipogeuka akaona foleni nzima iko nyuma yake. Shangazi alitaka nirudie kipande hicho. "Huyo ndiye ningeomba tukae naye mashine jirani," alisema. Kisha: "Mama yake hakufukuzwa?" Nikauliza. Alifukuzwa. Alikuwa mjane mwenye kuendesha nyumba ya wageni ya kampuni, na kampuni ikamwondoa kwa kosa la kushindwa kumzuia bintiye. Shangazi hakushangaa hata kidogo.

Mama wa hifadhi akaongeza kwamba katika maandamano yale wasichana waliimba kwamba hawatakubali kuwa watumwa. Nilitafsiri hivyo hivyo. Shangazi alikuwa bado anaipikicha ile merikani kwenye kumbukumbu ya vidole vyake, nadhani, kwa sababu aliuliza jambo ambalo mimi, niliyepita pale mara kadhaa, sikuwahi kulifikiria nikiwa mbele ya zile mashine. "Mwulize pamba waliitoa wapi. Hapa kuna baridi, pamba haioti."

Jibu lilikuwa limeandikwa ukutani, ila huyu mama hakutuelekeza ukutani. Alivua kofia akasema mwenyewe: Kusini. Mississippi, Alabama, Louisiana. Ililimwa na kuchumwa na watumwa. Akaendelea, bila kuulizwa, kwamba sehemu ya nguo nzito na duni kabisa ilirudi Kusini kuwavika watumwa walewale, na huko ikaitwa kwa jina la mji huu huu, Lowell. Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasheria wa Boston aliyekuja kuwa seneta, alisema wazi kwamba kuna muungano mchafu kati ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufumia. Matajiri wa Massachusetts hawakupenda kusikia hivyo.

"Kwa hiyo," shangazi akasema taratibu, "aliyekuwa akilia saa zake ni nyingi alikuwa anafuma jasho la mtu asiyehesabiwa saa."

Nilipotafsiri, mama yule hakujitetea. Alisema wapo wafumaji waliolijua hilo. Mji ulikuwa na chama cha wanawake cha kupinga utumwa, na wanawake wa Lowell walitia sahihi maombi ya kwenda Washington. Lakini tangu 1836 hadi 1844 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni ya kuyaweka kando maombi yote yanayotaja utumwa, yasijadiliwe, na mzee John Quincy Adams, rais mstaafu aliyerudi bungeni, akapigana nayo miaka yote hiyo mpaka ikafutwa. Mimi nawasamehe wale wasichana nusu. Neno mtumwa lilikuwa rahisi mdomoni mwao kwa sababu wangeweza kupanda gari la farasi kurudi kwa baba zao Vermont, na wengi walirudi. Lakini ni walewale waliopitisha karatasi ya kutetea watu ambao hawajawahi kuwaona. Sijui ningeitia sahihi baada ya saa 12 kwenye mashine.

Tulikaa nje kwenye benchi kando ya mfereji kumnyonyesha mtoto, nami nikamweleza shangazi upande wa pili wa merikani yake, ule niliousoma nikiwa shuleni na nikauelewa nilipohamia huku. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, bandari ambayo kwa gari haifiki saa moja kutoka pale tulipokaa. Waters alikuwa mtu wa dini aliyeuchukia utumwa. Kila siku alifanya biashara katika mji ulioendeshwa kwa utumwa. Meli zilileta nguo za viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Merikani ikabebwa na wapagazi kwenda bara, ikipimwa kwa mikono na doti, ikawa ndiyo fedha ya njiani. Na Unguja watumwa waliivaa, nyeupe vilevile au imetiwa nili ikawa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861 pamba ya Kusini ilizuiwa, merikani ikaadimika pwani yetu, Waingereza na Wahindi wakapata mwanya.

Shangazi amezaliwa Bagamoyo. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole vizazi vya kwao, akafika kwa bibi mmoja asiyetajwa sana nyumbani, akaishia hapo. "Haya, turudi ndani," alisema. "Hajamaliza habari za wale waliogoma."

Na kweli zilikuwa hazijaisha. Mwishoni mwa 1844 wafumaji waliunda chama chao wenyewe cha wanawake, kiongozi Sarah Bagley, wakaacha migomo wakachukua kalamu. Walidai siku ya kazi ya saa kumi. Mwaka 1845 wao na wafanyakazi wa miji mingine walipeleka kwenye bunge la jimbo, Boston, maombi yenye sahihi zaidi ya 2,000, na Bagley na wenzake wakaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati: chakula cha kumeza mbiombio, taa zinazotoa moshi, vifua. Baadhi ya wajumbe walikuja Lowell kujionea. Taarifa yao inasifu bustani, miti na maua yaliyopandwa kuzunguka viwanda. Kuhusu saa, ilisema bunge si mahali pake, wafanyakazi na waajiri wapatane wenyewe.

Shangazi alicheka mpaka watu wakageuka. "Kwetu walipaka ukuta chokaa!" Ndipo aliponisimulia, kwa mara ya kwanza, kwamba naye aliwahi kuwa kwenye ujumbe. Walikuwa wanawake sita, mishahara imechelewa miezi, wakapeleka barua kwenye ofisi moja kubwa mjini. Walipewa soda. Ofisa aliyekuja kukagua alisifia usafi wa kantini.

"Na huyo mwenyekiti wa kamati alifanywa nini?" akauliza. Mwenyekiti alikuwa William Schouler, mbunge wa Lowell na mhariri wa gazeti. Wanawake hawakuwa na kura, lakini waliapa atasahaulika, wakapita wakimsema, na uchaguzi uliofuata akaanguka. Sheria ya saa kumi kwa wanawake ilipitishwa Massachusetts mwaka 1874. Wakati huo mashine za Lowell zilikuwa mikononi mwa Waairishi na Wakanada wa Kifaransa.

Ndani ya gari alinyamaza mpaka tulipoingia barabara kuu. Kisha akatoa simu na kuanza kurekodi ujumbe wa sauti kwa kundi lao la wafumaji wastaafu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, mtoto akaamka. "Jamani, habari za siku nyingi. Niko kwa Wamarekani hapa, nimewaona wenzetu. Barua na wao waliandika, na kujibiwa walijibiwa vilevile. Ila yule mkubwa aliyewajibu walimwangusha. Sisi wetu alipandishwa cheo. Sasa mama Asha, wewe ulibaki na nakala ya ile barua yetu. Itafute, ipige picha, unitumie leo."

Picha ilifika usiku nikiwa kazini. Ukurasa wa pili umeliwa na mchwa pembeni, lakini majina yote sita yanasomeka.