Molasi Niliyomwaga Jioni

Jioni ile nilidhani nafanya la maana. Kipimo cha amonia, sumu inayotoka kwa samaki, kilikuwa kimegeuka kijani, nami nikakumbuka somo: amonia ikipanda, bakteria wape sukari. Nikakoroga jagi mbili za molasi kwenye ndoo, nikamwaga kwenye tangi la samaki, nikaenda kula ugali. Saa nne usiku stima ikapotea.

Tangi langu ni la turubai, mviringo, lita 10,000, nyuma ya nyumba hapa Ahero. Ndani mlikuwa na tilapia 600, kila mmoja gramu 80 hivi. Ufugaji wenyewe unaitwa bayofloki, na humo hubadilishi maji ovyo. Unafuga bakteria pamoja na samaki: bakteria wanakula amonia inayotoka kwa samaki, wanashikamana kuwa chembe za kahawia, na samaki wanazidonoa. Lakini bakteria aliyeshiba sukari hupumua hewa nyingi kuliko kawaida, na mimi nilikuwa nimewashibisha usiku, saa chache kabla pampu ya hewa kunyamaza.

"Mjomba, amka! Samaki wote wako juu, midomo nje!" Mpwa wangu ndiye aliyeona. Tulichota maji kwa ndoo na kuyarudisha kutoka usawa wa bega, yaanguke na hewa, mpaka jirani akaleta jenereta. Asubuhi nilitoa samaki 140 waliokufa. Harufu yake hata mbwa aliikwepa.

Baada ya hapo niliacha kupima molasi kwa jagi. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 ina takriban gramu 48 za naitrojeni. Nusu yake, pengine zaidi, huishia majini kama amonia. Kila gramu ya naitrojeni hiyo inahitaji kama gramu 20 za wanga, kama vile sukari, ili bakteria waimalize, yaani gramu 480 kwa kilo ya chakula. Molasi karibu nusu yake ni sukari, basi kilo ya chakula huenda na kilo ya molasi. Huku kwetu kwenye miwa, molasi haitusumbui kupata. Naimwaga asubuhi tu, kidogo kidogo, pampu ikinguruma, na sasa kuna betri na inveta kando.

Hilo lilinyooka. Kilichonitesa kwa muda mrefu ni pH, kipimo cha uchachu wa maji: ikishuka, maji yanachachuka. Ilishuka polepole hadi 6.2, samaki wakakataa chakula, nami nikalaumu chakula. Kumbe kuna bakteria wengine, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati, na kwa kila gramu ya naitrojeni wanamaliza karibu gramu 7 za alkali ya maji, ile inayozuia pH isishuke. Maji yasiyobadilishwa hayana pa kuipata tena. Dawa ni soda ya kupikia (si hamira, tafadhali), ila usiimwage yote kwa mpigo. pH ikiwa chini, amonia nyingi iko katika hali isiyoumiza. Ukiipandisha ghafla, unaigeuza sumu kwa mkono wako. Nilitia gramu 300 kila asubuhi, siku tatu, huku nikipunguza chakula. Siku ya nne samaki wakaanza kurukia chakula tena.

Nitriti, nayo sumu kwa samaki, ilipopanda wakati mmoja, chumvi ya kawaida ilinisaidia, kilo moja kwa kila lita 1,000.

Chembe nazo zikizidi ni shida, zinanyonya hewa. Kila asubuhi mpwa wangu anajaza lita moja kwenye koni ya plastiki yenye alama, anaiacha nusu saa, kisha anasoma tope lililotua chini. Kati ya mililita 25 na 50 tunaendelea. Ikipita, tunatoa tope kupitia bomba la katikati na kulimwagia sukuma wiki.

Jerikeni ya molasi hukaa stoo. Ufunguo anao yeye, na jioni hanipi.