Kazi yako ni kuangalia

Harusi ya Rehema imepita bila mimi, hadubini kubwa ya maabara ilikufa Jumatatu ikafufuka Alhamisi, kamati imepitisha ripoti yangu ya mwaka wa pili, yote alhamdulillah, lakini mimi wiki nzima nimebaki na sentensi moja ya Mjomba Hatibu. Wanaonifuata humu mnamjua, yule fundi wa Tanga aliyebomoa ukuta wa choo cha watu kwa ajili ya nusu inchi.

Ilikuwa hivi. Nimempigia Jumanne, shikamoo, marahaba, magoti yanamsumbua, saruji imepanda, halafu akaniuliza, "Hivi mama, huko Ujerumani unasoma nini hasa? Maana watu wananiuliza nashindwa kuwajibu." Nikafurahi jamani. Nikamwambia mjomba, ndani ya seli kuna nyuzinyuzi zinazoishikilia, ndio kiunzi chake, ni kama ile mirunda mnayosimamishia zege, ila hii inafungwa na kufunguliwa muda wote, huku inaongezwa kule inabomolewa. Akacheka sana. "Mirunda inajifungua yenyewe! Na fundi nani?" Nikasema fundi hakuna, ni protini zenyewe. Basi nikanogewa, nikamweleza seli ya kinga ikikutana na seli iliyoharibika inavyojitandaza juu yake ndani ya dakika chache kwa nguvu ya hizo nyuzi, na kwamba mimi ndio nazitia rangi inayong'aa nazichukua video.

Kimya kidogo. Halafu: "Kwa hiyo mama, kazi yako ni kuangalia."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo panaponiuma zaidi, maana angekuwa ananisema ningejitetea. Kwenye saiti zake anayeangalia ni mtoto wa tajiri, kasimama kivulini na soda mkononi, wenzake wanapanda na ndoo za zege. Na mimi nikajibu nini? "Ndiyo mjomba." Basi.

Tangu hapo namjibu. Kwenye treni namjibu, nikiosha vyombo namjibu. Namwambia mjomba, hapahapa Munich, mwaka 1937, daktari wa watoto Alfred Wiskott aliandika habari za ndugu watatu wa kiume, wanaharisha damu, ngozi ukurutu mtupu, masikio yanatoa usaha hayaponi, wote wakafa wadogo na dada zao wazima kabisa. Mwaka 1954 Robert Aldrich kule Marekani akaonyesha ugonjwa unapitia kwa mama unakwenda kwa watoto wa kiume, jeni lenyewe likapatikana 1994, na baadaye ikajulikana kazi yake: linatengeneza protini inayozifanya nyuzi za aktini, ndizo zilezile nyuzinyuzi nilizomwambia, zitoe matawi ndani ya seli za damu. Yaani mtoto anaweza kuwa na seli za kinga na bado akaugua hivyo, kwa sababu seli zikigusana na adui hazijipangi inavyotakiwa. Hilo lilijulikanaje kama si watu kukaa wakaangalia?

Halafu namwambia ya sponji. Kuna sponji wa Bahari ya Shamu ana sumu inaitwa latrunkulini, inazikamata chembe za aktini zisiungane kuwa uzi. Zitie seli T, ambazo ni aina mojawapo ya seli za kinga, sumu hiyo kwanza, kisha ziletee kilekile kinachoziamsha siku zote. Hakuna kitu. Vipokezi, yaani vile vinavyomtambua adui, vipo, adui yupo mbele yake, lakini kalsiamu ndani yake haipandi, na hiyo ndiyo dalili ya seli kuamka, seli haijitandazi, imekaa duara tu imezubaa. Sisi shule tulifundishwa kiunzi ni cha kuipa seli umbo, nukta, fungua ukurasa unaofuata! Kumbe seli T haiamki kwa kuona peke yake, inabidi isukume ukingo wake mbele, na nyuzi zinazorudi nyuma ndizo zinavikokota vile vipokezi makundi makundi kuelekea katikati. Ukisimamisha mwendo, na taarifa zinakatika njiani.

Kwenye simu nilisema ndiyo mjomba.

*

Hayo ya juu nimeyaandika asubuhi. Sasa hivi saa nne usiku na mambo yamegeuka kidogo.

Mchana nikaamua liwalo na liwe, nikamtumia Mjomba video ya Alhamisi usiku kwa WhatsApp, nimeipunguza mpaka imekubali kwenda. Ni seli muuaji moja, yaani seli ya kinga inayoua seli mbovu, na seli ya saratani moja. Inafika, inapapasa, inatulia. Kijani cha aktini kinakusanyika pembeni kinafanya pete, katikati kinapungua panabaki kama peusi, huku ndani sentrosomu, kile kitovu zinapoanzia mikrotubuli, vijibomba ambavyo ndio reli za ndani ya seli, inasogea taratibu mpaka inakaribia kabisa utando wa mbele, na vile vifuko vya perforini na granzaimu, protini za kuulia, vilivyosafiri kwenye mikrotubuli vimeisindikiza vimerundikana hapohapo. Baada ya muda seli ya saratani inaanza kutokwa na malengelenge, inavimba huku inavimba kule, imekwisha. Muuaji anabanduka anaenda zake. Mimi hapo huwa napiga ukelele mdogo kwenye kile chumba cha giza, na sijazoea mpaka leo.

Akanijibu kwa sauti, nyuma nasikia watu wanacheza bao. "Mama, nimeiona. Huyu mtu anasukuma sana hapo mbele. Sasa pembeni kinamshika nini asiteleze?"

Jamani! Mjomba kaishia darasa la saba. Nimekaa kwenye semina na watu wazima wenye vyeo vyao wakaniuliza rangi ya mshale kwenye slaidi. Ndiyo, kuna kinachomshika, molekuli zinaitwa LFA-1, zimejipanga mviringo kuzunguka katikati, zinaing'ang'ania molekuli nyingine, ICAM-1, iliyoko kwenye seli ya pili, na uzuri wake ni kwamba aktini inavyozivuta ndivyo zinavyozidi kukaza, kwa hiyo msukumo na mshiko vinakwenda pamoja. Nimemrekodia yote hayo, nimeongea mpaka kidole kimekufa ganzi kwenye kile kitufe, tiki bado moja. Amelala, au bando limeisha.

Sasa la chumba. Mwenye nyumba amenikumbusha tena kwamba mwisho wa Septemba anakitaka, mwanae anahamia. Leo nimeona tangazo moja tu la bei ninayoweza, wanataka barua ya mwajiri, karatasi za benki, na picha yangu. Picha ya nini tena? Nimetuma, ile ya pasipoti, nimevaa ushungi. Hawajajibu.