Magunia ya Ibrahim Mahama

Ukisikia msanii kafunika jengo zima kwa magunia chakavu lazima utauliza sasa hapo sanaa iko wapi, na wengi wanaishia hapo hapo, mi naona wanakosa uhondo wote. Ibrahim Mahama ni Mghana, mtu wa Tamale kule kaskazini, kazaliwa 1987, na magunia yake hayaokoti jalalani. Ni ya juti, yanafumwa Asia, Ghana inayaagiza kwa ajili ya kakao, yakimaliza kazi hiyo yanabeba nafaka, mwisho kabisa mkaa, na yakishafika kwenye mkaa ndo basi tena. Jamaa anawafuata wafanyabiashara anawapa gunia jipya, anachukua lile lililochoka. Hilo la kubadilishana nalipenda sana, hakuna anayeondoka mikono mitupu.

Sasa sogea karibu uangalie. Viraka, mihuri ya kakao, majina ya wenye mali yameandikwa kwa mkono, weusi wa mkaa. Sisi tunaoijua lumbesa tunajua gunia linavyomfanya mtu mgongo jamani! Kuli haandikwi popote kwenye hesabu za kakao, ila juti imemshika, jasho lake limo humo. Na wanaoyashona pamoja ni vibarua, wengi wametoka vijijini kutafuta maisha mjini. Kwa hiyo 2015 alipoyatundika kwenye kuta ndefu za Arsenale, karakana za zamani za meli kule Venice, Italia, kwenye Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa, mwaka huo yakisimamiwa na Okwui Enwezor, wapenda sanaa wa dunia nzima walipita katikati ya kazi ya watu hao, na hicho kitu hukipati kwa kuchora picha ya gunia, hata uchore vizuri vipi, lazima gunia lenyewe liwepo.

2024 akaivalisha Barbican, kituo cha sanaa cha London, safari hii kitambaa cha pinki na zambarau, kama mita za mraba 2,000, kimefumwa kwa mkono na kuunganishwa kwenye uwanja wa mpira wa Tamale, juu yake kashonea mabatakari ya zamani, yale mavazi ya kaskazini mwa Ghana.

Halafu pesa anazirudisha nyumbani. Tamale kajenga kituo cha sanaa kinaitwa SCCA, kimefunguliwa 2019, kikafuata kingine, Red Clay, ambako kuna ndege kuukuu alizozinunua na watoto wanasomea humo ndani. Nikipata nauli ya Ghana naanzia huko.