Toni wa mzee wa foklifti

Kuna mtu nilimchukia tangu Juni 1998 na leo nimejikuta namtetea kazini, ngoja niandike kabla sijalala.

Kombe la Dunia Ufaransa, Kameruni na Austria, kwetu ilikuwa saa nne usiku, tv ya jirani inchi 14 yenye chogo, antena imefungwa kwenye mwanzi na upepo ukivuma tu mtoto mmoja anatumwa nje kuuzungusha. Dakika ya 77 Njanka wa Kameruni kauchukua mpira huko kwao, kakimbia nao, kapita huyu, kapita yule, kafunga, tukatoka mpaka barabarani. Dakika za nyongeza sasa... Toni Polster, mshambuliaji wa Austria. 1-1. Mwenye tv akazima bila kumuaga mtu.

Maisha yakanileta Köln, Ujerumani, naanza kazi ghalani nakuta mzee wa foklifti kafunga skafu ya FC Köln, timu yenye yule mbuzi kwenye nembo, na stori zake zote Toni, Toni. Alicheza hapa 1993 mpaka 1998, na mwaka alioondoka ndo timu ilishuka daraja kwa mara ya kwanza kabisa, yaani ungetegemea wamlaani. Wapi! Mpaka studio aliingia na bendi ya hapa akaimba (sauti tumwachie Mungu).

Mzee ndo kaniambia kwamba kwao Vienna waliwahi kumzomea. 15 Novemba 1989, Ukuta wa Berlin una siku 6 tu tangu ufunguke, Austria wanacheza na Ujerumani Mashariki wanatafuta tiketi ya Kombe la Dunia Italia 90, jina lake likitajwa uwanja unazomea. Na huyo mtu msimu huohuo alimaliza na mabao 33 ya ligi kule Sevilla, Hispania, sema nyumbani walikuwa hawamuelewi. Dakika ya 2, kafunga. Penati, kafunga. Kipindi cha pili, la tatu. 3-0, wanaenda Italia, na walewale waliozomea ndo wanamshangilia. Mzee akifika hapo huwa anazima foklifti kabisa, msimamizi akipita tunajifanya tunahesabu maboksi.

Sasa Oktoba 2025 Arnautović wa Austria kawapiga San Marino manne, mechi 10-0, akafikisha magoli 45 ya timu ya taifa, akaipita rekodi ya Toni ya 44. Dogo mmoja hapa akasema basi, Toni kwisha habari. Nikashangaa nimedakia mimi: we dogo, mwenyewe anasema anayo 47, kakipeleka chama cha soka cha Austria mahakamani anadai matatu ya mechi za miaka ya 80 ambayo hayakuhesabiwa! Mtu kapita miaka 60 anadai magoli yake kama mtu anayedai mafao, huyo unaachaje kumpenda jamani.

Mzee akacheka mpaka akatoa miwani. Nikaona ndo nafasi, nikamuuliza goli la Njanka analikumbuka?

"Nani?"