Mkweche wa Han Solo

Wikendi hii nimeangalia tena zile Star Wars tatu za mwanzo, ya 1977, ya 1980 na ya 1983, mfululizo, hedifoni masikioni na rimoti mkononi, nasimamisha kila nikiona kitu narudisha nyuma naangalia tena. Na lazima niandike sasa hivi kabla haijanitoka kichwani. Watu wakiongelea hizi muvi wanaanzaga na panga za mwanga, ile Nguvu, nani baba wa nani, sawa, hayo yote nayapenda sana, ila mimi kilichonikamata tangu siku ya kwanza ni uchakavu. Yaani kila kitu kimetumika. Roboti zina mikwaruzo, kuta zina masizi, suti za marubani zimefubaa, milango inagoma. George Lucas, aliyezitunga, alitaka iwe hivyo makusudi, galaksi ionekane watu wameishi humo miaka na miaka, siyo imetoka kiwandani jana asubuhi.

Na hakuna chombo kinachobeba hilo kama Millennium Falcon. Ni meli ya mizigo, YT-1300 iliyotengenezwa Corellia, ya kubeba makontena tu, alafu Han Solo, rubani wa magendo, kaipata kwa rafiki yake Lando Calrissian kwa kumshinda kwenye karata. Luke, yule kijana shujaa wa hadithi, akiiona mara ya kwanza pale mji wa Mos Eisley anaiita takataka, mbele ya mwenyewe kabisa! Na Han anaanza kumtajia spidi yake na mambo aliyoifanyia kwa mikono yake, kama mtu yeyote mwenye mkweche anaoupenda, ukimsema gari lake hatakujibu kuhusu rangi, atakujibu kuhusu injini.

Ile ya 1980 ndo inanimaliza. Wamezingirwa kwenye ile sayari ya barafu, maadui wameshaingia ndani, taa za chumba cha rubani zinazimika, Han anapiga paneli ngumi moja na taa zinawaka. Ngumi moja tu. Ile sekunde inakwambia ameshaipiga hapohapo mara mia kabla ya siku hiyo na anajua pa kupiga. Alafu wakifika angani anavuta zile lever za kukimbilia spidi ya mwanga, injini inalia inafifia, hamna kitu, na Leia, binti mfalme wa waasi, yuko nyuma anaangalia. Karibu muvi nzima hiyo injini inagoma, na mwisho anayeiponya ni R2-D2, karoboti ambako hakuna aliyekauliza kitu.

Kitu ambacho wengi hawakijui, Falcon haikuwa na umbo hili mwanzoni. Modeli ya kwanza ilikuwa ndefu, na rundo la injini nyuma, na walikuwa wameshaijenga, ikaonekana inafanana mno na chombo cha kwenye tamthilia moja ya anga ya Uingereza iliyotoka miaka hiyohiyo, ikabidi waanze upya, ndo likaja hili la duara na chumba cha rubani kimekaa pembeni kama kimesahaulika. Ile ndefu hawakuitupa. Ikawa Tantive IV, meli ya Leia, ambayo ndo ya kwanza kabisa kuonekana muvi ikianza, inakimbizwa na Star Destroyer, manowari ya maadui, ambayo inapita juu yako, inapita, inapita, haiishi. Kwenye hadithi ile Star Destroyer ina urefu wa mita 1,600. Modeli waliyoipiga picha 1977 ilikuwa kama sentimita 91, unaiweka mezani na nafasi inabaki. Na hizo modeli walizijenga kwa kununua maboksi ya vifaru, ndege na magari ya plastiki, yale ya kuunganisha mwenyewe, wanavunjavunja wanabandika vipande vyake juu ya chombo mpaka macho yako yanakubali kwamba hii ni mitambo na hapa kuna fundi alipita akaziba bomba. Kwa hiyo ule mkweche ni wa kuungaunga kwenye hadithi, na ni wa kuungaunga kweli mezani kwa mafundi. Hii ndo sababu naamini unadumu machoni kuliko vyombo vingi vilivyochorwa kwa kompyuta vilivyokuja baadaye vikiwa vimenyooka kila kona.

Sauti nazo ni hivyohivyo, ndo maana nasisitiza hedifoni. Ben Burtt, jamaa wa sauti, hakukaa studio na kinanda cha umeme, alitoka na rekoda. Mlio wa zile TIE fighter, vyombo vidogo vya vita vya maadui, zikipita ni mlio wa tembo umechanganywa na gari linalopita kwenye lami iliyolowa. Milio ya bunduki za humo ni nyundo imegongwa kwenye waya unaoshikilia mnara wa redio. Mvumo wa upanga wa mwanga ni mota ya projekta ya sinema pamoja na kelele ya TV. Pumzi za Darth Vader, yule adui mkuu mwenye kinyago cheusi, ni kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Ukishajua hivyo huwezi tena kusikia TIE bila kumsikia tembo, mimi nimejaribu, haiwezekani.

Sayari zenyewe je? Tatooine, sayari ya jangwa ya Luke, ni Tunisia, na hata jina limetoka kwa mji wa huko, Tataouine. Zile nyumba za kuchimbwa chini alikokulia Luke zipo Matmata, watu wa huko wamezichimba kukwepa joto karne nyingi kabla mtu hajawaza sayari yenye majua mawili kama ile. Lile kuba jeupe la nje lilijengwa kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid, na miaka mingi baadaye lilipoanza kubomoka mashabiki walichanga hela zao wenyewe wakalikarabati. Hoth, ile ya barafu, ni Finse huko Norwei, walifika Machi 1979 wakakutana na dhoruba ya theluji kali hadi kuna sehemu walipiga kamera ikiwa mlangoni mwa hoteli na Mark Hamill yuko nje anahangaika kwenye theluji peke yake. Yavin 4, kambi ya waasi kwenye ile ya 1977, pale vyombo vinaposhuka juu ya msitu, zile piramidi ni Tikal, Guatemala, za Wamaya.

Sasa nifike kwa mtu niliyetaka kumwandika tangu mwanzo. Nien Nunb. Kama jina halikukumbushi kitu, ni yule msaidizi wa Lando ndani ya Falcon kwenye ile ya 1983, mwenye mashavu makubwa yananing'inia na macho meusi, anacheka cheka wakati wanaenda kufa. Wengi wanamchukulia kama kipambo. Lakini sikiliza anachoongea! Yule anaongea Kikuyu. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi California wakati huo, na kwenye muvi aliongea Kikuyu na Kalenjin vilivyo, bila kuchezewa na mashine. Viumbe vingine vingi humo vinabwabwaja lugha za kutengenezwa, hata wale Jawa wadogo wenye kofia walitungiwa maneno kwa kuigiza Kizulu alafu wakaongezewa spidi, ila huyu yeye anaongea maneno yenye maana yake kamili, moja ni kama kuwaambia nyie wote mlioko huko njooni hapa.

Niliporudisha hicho kipande nikafumba macho nisione kile kinyago cha mpira. Jamani. Ni mtu. Ni mtu anaongea na dereva mwenzake safarini, kile kicheko cha mwisho wa sentensi, ile kupandisha sauti katikati, na Lando anamjibu kwa Kiingereza kama kawaida, kila mmoja na lugha yake na wanaelewana, ambavyo watu wanaishi kweli hapa duniani kila siku. Nimeangalia hii muvi mara nyingi sana na kwa muda mrefu nilisikia tu kelele za kiumbe wa ajabu, alafu siku nilipoambiwa nikasikiliza upya na sikio likafunguka, nikakaa kimya kabisa. Kwenye galaksi ya mbali mbali huko, katika shambulio kubwa kuliko yote, kiti cha pembeni kwenye meli maarufu kuliko zote kimekaliwa na sauti ya Mkenya.

Ile parsec, kipimo ambacho Han anajigamba nacho akisifia spidi ya Falcon, siitaki leo. Ni umbali, kama miaka ya mwanga 3.26, siyo muda, kila mtu ameshajua, muvi ya 2018 imeshaeleza kwamba Han alipita njia ya mkato, tuendelee.

Ila kuna kitu kimoja kidogo sana naomba ukiangalie ukirudia. Kabla ya lile shambulio la ile ya 1983 Han anamwazima Lando Falcon, anamwambia asiikwaruze, na Lando anamwahidi. Alafu wakiwa ndani ya zile njia nyembamba za Death Star ya pili, ile ngome kubwa ya angani ya maadui, mabomba kila upande, chombo kinagonga na lile sahani la antena la juu linang'oka linabaki humo. Lando anashtuka kidogo, Nien Nunb yuko pembeni yake, wanaendelea kukanyaga mafuta. Sasa nenda kaangalie muvi ya 2015, miaka 32 baadaye. Falcon imekaa jangwani Jakku chini ya turubai, vumbi tupu, na antena juu yake ni ya mstatili. Hakuna mtu kwenye muvi nzima anayeisemea neno. Kuna mtu tu, sehemu fulani huko katikati, alitafuta spea, ya duara akaikosa, akafunga iliyokuwepo.