Nehemia alizunguka usiku kwanza

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, nimepambana nayo toka Jumatatu na sababu ni moja tu, inanihusu mimi kwanza.

Tulirudi kutoka ushago Jumapili iliyopita na basi la Kitale, watoto wamelaliana, gunia la mahindi mabichi chini ya kiti. Muhula wa tatu unaanza, karo, viatu vimekuwa vidogo, mnajua vile Agosti hutuacha. Sasa kuna binamu yangu aliye Marekani alikuwa ameniandikia kwamba kwao kiangazi kimeisha na watu kazini wanapanga malengo upya, eti ni kama Januari ya pili. Nikacheka, Agosti yetu hapa Nairobi ni sweta na mawingu, lakini neno lenyewe likanikaa. Nikatoa simu humo humo kwa basi nikaandika: nitamaliza CPA, ile mitihani ya uhasibu, nitakuwa naamka saa kumi na moja, nitalipa madeni, nitatafuta kazi bora. Kabla tufike Nakuru nilikuwa nishaweka status. Amina zikamiminika.

Jumatatu nikafika kazini saa mbili na dakika thelathini na saba.

Mimi ni karani wa stoo huku Industrial Area na pale geti tuko na kitabu, unaandika jina, saa ya kuingia, unaweka sahihi, kalamu imefungwa na uzi ndio isitembee. Nikaangalia majina yaliyo juu yangu. 8:00. 8:00. 8:00. Mpaka chini ya ukurasa ni 8:00, na mmoja wao tulishuka matatu moja pale City Stadium, akanipita tu kwa kutembea haraka. Mkono wangu ukaandika 8:00 kabla hata sijafikiria, manake ndivyo umezoea. Soja akaangalia saa ya ukuta, akaniangalia, akasema, "Karibu tena, ndugu."

Hiyo "ndugu" ilinichoma. Anajua nimeokoka, mimi ndiye nilimwalika kanisani.

Jioni nikafungua Nehemia, kile kitabu tunakipenda sana wakati wa harambee ya kujenga kanisa na mabati yakishapanda tunakisahau. Sura ya pili. Huyu mtu ni Myahudi anayetaka kujenga upya ukuta wa Yerusalemu uliobomolewa, ametoka Shushani na barua za mfalme wa Uajemi, ana majemadari na wapanda farasi, yaani angeingia Yerusalemu na king'ora. Lakini amefika akakaa siku tatu. Halafu anaamka usiku na watu wachache, hajaambia mtu yeyote kile Mungu ametia moyoni mwake, anazunguka kuta. Anaangalia palipobomoka, anaangalia malango yaliyoteketea, kuna mahali mpaka mnyama aliyempanda anakosa pa kupita. Akishamaliza hiyo ndipo anafungua mdomo kusema na tuujenge tena ukuta.

Mimi nilitangaza kabla ya Nakuru, na hata jiwe moja sikuwa nimeangalia.

Kwa hivo Jumatano watoto wakilala nikakaa mezani na daftari nikazunguka. Si vile natamani kuwa, vile niko. Kitabu cha CPA kilikuwa juu ya kabati, nikakifungua, alama niliyoweka ni risiti ya supamaketi ya 2021, wino umefifia husomi hata bei, ukurasa wa 64. Miaka yote hiyo nalipa KASNEB, wale wanaotahini CPA, ada ya kila mwaka ndio nisitolewe kwa orodha, na mtihani sifanyi, na kwa ushirika naomba mnisimamie niinuliwe. Kazini nako kadi za stoo sijaandika tangu wiki ya kabla ya likizo, bidhaa zinaingia zinatoka na mimi naambia bosi "iko sawa" kwa macho tu. Simu nisiseme. Sanbalati, adui aliyepinga ujenzi, alimtumia Nehemia ujumbe mara nne akajibiwa mara nne kwamba kazi ni kubwa hawezi kushuka, mimi kabla ya saa nne asubuhi nimeshuka kwa simu mara ishirini. Na mpendwa, kama unasoma hii saa hii ukiwa kazini, funga, utamalizia saa ya lunch, haitatoroka.

Acha niseme wazi hata kama kuna atakayekasirika. Tunafunga siku tatu tukiomba kupandishwa cheo na pale geti tunadanganya kila asubuhi na sahihi juu yake. Tunakariri "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana," halafu Bwana tunampa dakika zilizobaki baada ya chai. Usiniambie mshahara ni mdogo, najua ni mdogo, wangu pia ni mdogo. Usiniambie wote wanaandika hivo. Soma sura ya tatu uone majina, fulani akajenga mkabala wa nyumba yake, fulani mkabala wa chumba chake. Hawa walianza na ukuta wa mlangoni kwao. Zunguka wako, usiku, bila status, ujue bomoko liko wapi ndio uanze hapo hata kama ni padogo pa kuaibisha. Langu lilikuwa ni tarakimu tatu kwa kitabu cha geti. (Wenye biashara mnaoajiri wengine, sura ya tano, Nehemia akikemea matajiri waliowanyonya ndugu zao, ni yenu, someni wenyewe.)

Ukuta ulimalizika tarehe 25 ya Eluli, mwezi wa Kiyahudi, kwa siku 52. Eluli kwa kalenda yetu huangukia Agosti na Septemba, yaani hawa watu walikuwa wakibeba mawe majira kama haya. Kesho ni tarehe 1 Septemba, nimehesabu, siku ya 52 ni 22 Oktoba, siku mbili baada ya sikukuu ya Mashujaa. Nimejipangia kurasa kumi za CPA kwa wiki, si zaidi, na kadi za stoo kila jioni kabla sijatoka.

Jumanne na Jumatano niliandika 8:00 tena, sitawaficha. Alhamisi nikaandika 8:19. Aliyekuwa nyuma yangu akauliza, "Kwani unataka kutuchoma?" Ijumaa 8:22, Jogoo Road ilikuwa imesimama lakini pia nilitoka nyumbani kama nimechelewa. Saa tano bosi akaniita, kitabu kiko mezani kwake kimefunguliwa, akaniuliza mbona kwa watu wote wa stoo ni mimi peke yangu nachelewa.

Sikutaja mtu. Nikasema ni kweli nimechelewa, na hata zile siku zingine nilichelewa. Akanyamaza kidogo, akanipa onyo la mdomo, akanirudisha kazini.

Alamu nimeweka saa kumi na nusu na simu nimeiacha jikoni ndio nilazimike kuinuka kuizima. Mniombee kesho niandike 8:00 na iwe ni saa mbili kweli.