Kasha la barafu la mashua ya baba

Juzi tunatoka soko la samaki la Feri na mfuko wa changu, mwanangu akaniuliza: "Mama, hivi kwenye mashua samaki wanawekwa wapi?" Nikamwambia wanawekwa kwenye kasha la barafu, tukapanda daladala. Lakini kutwa nzima akili yangu ilikuwa Nungwi, kwetu Unguja, mwaka ule baba alipoamua kuijenga upya mashua yake kwa ndani.

Ilikuwa tupu kama zilivyo nyingi: mataruma, yaani mbavu za chombo, mbao mbili za kukalia, basi. Samaki walilala juu ya ngama, pale chini maji yanapokusanyika, wamefunikwa gunia lililolowa, na baba akawa anakimbizana na jua kuuwahi mnada. Upepo ukilala, nguru wa kugombaniwa asubuhi anakwenda kwa bei ya kutupa adhuhuri. Nimemwona baba akirudi nyumbani kimya kwa sababu hiyo, na sikupenda kumwona vile.

Mashua ikapandishwa ufukweni kwa maji makubwa ya bamvua, ikaegemezwa kwa nguzo. Habari ya kukwangua na kutia kalafati ya kuzibia nyufa siisemi, watu wa pwani mnaijua.

Baba alileta marini bodi, mbao za tabaka zinazostahimili maji, na futikamba mpya. Fundi akaiweka futikamba kando. "Chombo hakina mstari ulionyooka, bwana. Ukikipima kwa futi kitakudanganya." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nenda dukani, niombee maboksi ya biskuti."

Nilirudi na maboksi, tukaingia naye ndani ya mashua. Mle ndani mlinuka sifa, mafuta ya samaki yanayopakwa vyombo, hadi kichwa kinauma. Akasimamisha karatasi ngumu ya boksi pale kiambaza cha kasha kitakapokaa, akaniambia niishike nisiitikise. Akachukua kibanzi cha mbao chenye upana wa kidole, akaweka penseli kando yake, akakisukuma kibanzi polepole kuufuata ubavu wa chombo. Kibanzi kilipanda penye taruma, kikashuka penye ubao, kikapinda kuelekea mkuku, uti wa chini wa chombo, na penseli ikawa inachora yote hayo kwenye boksi. Akakata kwa kisu, akarudisha. Mwanga bado ulipenya chini. Akakata tena kidogo, kama anayekata kucha za mtoto mchanga. Mikono iliniuma lakini sikuthubutu kuisogeza. Mwanga ulipokwisha kabisa ndipo akaandika kwenye boksi "omo, kushoto", omo ikiwa ni mbele ya chombo, akalilaza juu ya ubao, akakata nje ya mstari, kwa kuwa ubao haurefushwi, na kilichozidi akakimaliza kwa randa. Kiambaza kilipokaa, nilipitisha kiganja pale kinapokutana na ubavu nikitafuta upenyo. Sikuuona. Tangu siku ile namheshimu sana kila mtu mwenye ujuzi wa mikono.

Mengine yalikwenda upesi. Sakafu ya vipande visivyopigiliwa, ili vinyanyuliwe mtu akumbe ngama. Chini ya kila taruma tundu, maji yasituame. Pale ambapo ubao ulifunika ubavu, nafasi ikaachwa upepo upite. Kasha lenyewe likawa na kuta mbili, na katikati tukashindilia lile povu gumu linalotoka kwenye mafriji mabovu. Chini likawekwa bomba la kutolea maji ya barafu kwenye ndoo, yasiingie ngamani. Fundi alisisitiza sana hapo: maji ya chumvi huihifadhi mbao, yanayoiozesha ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na barafu ni maji baridi. Huko omo ikatengenezwa feuli, chumba kidogo cha kuwekea vitu, ya mkaa, sufuria na nguo kavu, na ndani yake rafu nyembamba ya msala wa baba.

Kwa joto la kwetu kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, kwa hiyo kasha lilikuwa kubwa. Mama alikuja kulitazama siku ya mwisho, akalizunguka, akasema, "Fundi, ungelifanya dogo."

Fundi akamjibu kwa adabu kwamba bwana ndiye aliyetaka hivyo.

Zamani baba alitoka usiku akarudi mchana. Baada ya kasha, walianza kulala baharini kwenye mkondo wa Pemba, na kusi ilipotulia wakawa wanakwenda dago kabisa, kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Samaki walifika wakiwa bado wabichi, bei ikapanda, na ada yangu ya shule ikawa inalipwa kwa wakati. Mdogo wangu aliyezaliwa mwaka uliofuata alikuwa akimkimbia baba kila anaporudi, akijificha nyuma ya kanga ya mama, mpaka alipoanza chuo cha Kurani. Baba alikuwa akisimama mlangoni na zawadi yake mkononi, akisubiri.

Elimu yangu ilitoka ndani ya kasha lile, na sitamani lisingejengwa. Ila nikiyakumbuka maneno ya mama siwezi kusema alikosea, na sijawahi kumuuliza dogo alilokuwa akilitaka lilikuwa la kiasi gani.